Mlio wa Uzee

Idara ya Maji, baada ya kushauriana na wataalamu wake na kujiridhisha pasipo shaka, ilitangaza kwamba mlio unaosikika katika pikapu ya kubebea mabomba ni mlio wa uzee. Tangazo lilifafanua kwamba mlio wa aina hiyo hauna chanzo mahususi, hautokani na uzembe wa mtu wala kitengo chochote, na hauna dawa. Kwa sababu hiyo gari lingeondolewa barabarani mwisho wa wiki na kuuzwa kama chuma chakavu, na dereva wake, ambaye alitajwa kwa heshima katika sentensi hiyo hiyo, angepangiwa majukumu mengine yanayolingana na umri wake. Majukumu yenyewe yalikuwa kufungua na kufunga geti.

Tangazo lilibandikwa ukutani juu ya birika la chai, mahali pekee katika idara ambapo kila mtumishi hufika bila kuitwa.

Dereva mwenyewe alilisoma akiwa na kikombe mkononi. Alilisoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, kisha akanywa chai yake mpaka mwisho, akasuuza kikombe, akakirudisha mahali pake. Waliokuwa wamejipanga kumwona akiwaka hasira walirudi kazini na sura za watu waliokosa mechi.

Walimwita Mzee Glasi. Jina hilo alilipata ujanani, enzi za mkuu mmoja wa idara aliyekuwa na mazoea mawili yasiyopatana: kunywa maji garini kwa glasi iliyojaa, na kuvaa suruali nyeupe. Madereva kadhaa walimlowesha mkuu huyo, na wote wakagundua ghafla kwamba wana kipaji cha kuchimba mitaro. Ndipo akapewa usukani kijana mmoja mrefu asiyependa maneno. Alimpeleka mkuu hadi kwenye tangi la kilimani na kumrudisha, kwa barabara ambayo hata mbuzi waliipita wakitafakari, na glasi ikarudi imepungua kwa kiasi kile tu ambacho mkuu alikunywa. Mkuu alikwisha kustaafu, glasi ilivunjwa na mtu mwingine kabisa, jina likabaki.

Madereva wenzake walipomuuliza siri ya kazi ile, alisema, "Ni heshima tu," jibu ambalo halikumsaidia yeyote. Ukweli ni kwamba hakuwa na jibu jingine. Alipompakia mtu wa kuheshimiwa, mwili wake ulibadilika wenyewe, kama vile mtu anavyobadilisha sauti anapopokea simu ya mkwewe. Alipokuwa peke yake na mabomba aliendesha kama watu wengine, maana bomba halivai suruali nyeupe.

Mlio wenyewe ulianza asubuhi moja alipokuwa anatoka getini. *Kra-kra-kra*, kwa mbele, kwa chini, kama vijiko ndani ya droo inayovutwa na mtu aliyekasirika. Mzee Glasi alishuka, akazunguka gari, akainama, akaona hakuna kilichoning'inia. Akafanya kile ambacho mtumishi mwenye busara zaidi asingefanya: akatoa taarifa.

Karakana ya idara ilituma wataalamu. Wakapanda, akawaendesha, gari likawa kimya kama msikilizaji wa hotuba. Wakapanda siku nyingine, kimya tena. Wakamtazama. Mzee Glasi akawaeleza, na sauti yake haikuficha kujivuna, kwamba gari lile lina adabu na haliwezi kupayuka mbele ya wageni. Wataalamu wakaandika hayo kwa lugha yao. Bahati mbaya ni kwamba msimamizi wa magari, mtu mnene mwenye kupenda utulivu, alikuwa na ofisi inayotazama getini, na kila mara pikapu iliporudi tupu na dereva wake peke yake, kahawa yake ilisindikizwa na *kra-kra-kra*. Gari linalolia likiwa peke yake na kunyamaza likiwa na watu, wataalamu walisema, lina tatizo la umri. Hakuna aliyeuliza kama ni umri wa gari au wa dereva, na tangazo, kwa uangalifu wa aina yake, lilijumuisha wote wawili.

Jioni hiyo mkewe alimpokea mlangoni, akamfuata kwa macho mpaka jikoni.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Umeingia na viatu mpaka jikoni kwangu, halafu hakuna kitu."

Akavivua pale pale. "Wamesema gari limezeeka."

"Na wewe je?"

"Tumetajwa katika sentensi moja."

Mkewe akaweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno ya kumtosha yeye na mume wake, na kwa miaka mingi ndivyo walivyogawana. "Mpelekee mwanao aliangalie."

"Gari la idara haliruhusiwi kuingia gereji ya nje."

"Sikia, mume wangu. Geti nalo ni la idara. Utakaa pale kwenye kiti cha plastiki ukiwafungulia wengine, na kila gari litakalopita utatega sikio, halafu jioni uje unisimulie mimi bushi za magari ya watu. Hilo siliwezi. Mpelekee mwanao."

"Mwanangu ana kazi zake."

"Ana kazi zake! Si wewe uliyemtangaza mji mzima?"

Hapo alikuwa amemgusa penyewe. Hakuna aliyefanya kazi Idara ya Maji asiyejua kwamba Mzee Glasi ana binti fundi wa magari, kwamba chuoni aliongoza darasa zima la wavulana, kwamba ana gereji yake mwenyewe na kwamba watu wenye magari ya maana humsubiri hata kama kuna mafundi wasio na kazi. Picha ya siku binti yake alipohitimu ilikuwa kwenye simu ya mzee, na aliionyesha hata kwa watu waliomwomba tu kutazama saa. Lakini pikapu ile binti alikuwa hajawahi kuigusa. Hata alipofika umri wa kujifunza kuendesha, baba yake alimtafutia mwalimu mwingine na gari jingine, kwa sababu alizoziita za kitaalamu. Alimwamini binti yule na magari yote ya dunia, isipokuwa moja.

Usiku huo alilala vizuri, kwa maelezo yake. Mkewe alikuwa na maelezo tofauti.

Kesho yake, baada ya kushusha mabomba upande wa sokoni, pikapu ilikata kona ambayo haikuwa katika njia yake na kuingia kwenye mtaa wa mafundi. Ni mtaa ambao ardhi yake imekunywa oili mpaka ikawa nyeusi na laini, na ambapo kila mtu hupiga kelele kwa sababu kila mtu mwingine anapiga kelele. Gereji ya binti ilikuwa chini ya paa la mabati, kati ya mchomeleaji wa mageti na fundi wa matairi. Spana zake zilitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, kila moja ikiwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyuma yake, ili iliyoazimwa ionekane haipo hata kabla ya kuhitajika.

Wa kwanza kumwona mzee alikuwa fundi wa matairi, aliyekaa juu ya tairi la lori kama mfalme aliyepungukiwa na kasri.

"Mzee Glasi! Leo umetuletea makumbusho?"

"Nimekuja kumsalimia mwanangu. Gari limenifuata tu."

"Limekufuata linalia njia nzima! Nimelisikia tangu kona ile ya shule. Nikamwambia mteja wangu hapa, kuna mtu anahama, na vyombo hakuvifunga vizuri."

"Wewe ziba pancha zako."

"Naziba, mzee wangu. Zangu zinazibika."

Miguu miwili iliyovaa buti ilitokeza chini ya gari jingine, ikafuatiwa na ovaroli, kisha na uso wa binti yake, wenye alama ya grisi shavuni. "Karibu, baba. Mama ameshanipigia simu."

"Amesema nini?"

"Kwamba hakuolewa na mlinzi wa geti, na haanzi leo."

Fundi wa matairi akacheka mpaka akashuka kwenye tairi. Mzee Glasi aliangalia mabati ya paa kwa muda. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, lakini hakumpa mtu. Aliushika tu.

Binti alianza kama daktari. "Linalia lini?"

"Linapojisikia."

"Upande gani?"

"Mbele. Kwa chini. Lakini likiwa na wageni linanyamaza. Gari hili lina adabu, mama." Alimwita mama tangu siku aliyozaliwa, na hakuona sababu ya kuacha kwa vile tu ameshika nyundo.

"Gari halina adabu, baba. Lina nati."

Akaingia chini. Mzee akachuchumaa pembeni na kuanza kutoa maelezo ambayo hakuombwa: hiyo ekzosi niliifunga upya mimi mwenyewe, hizo springi zipakwe grisi tu, hapo usiguse pana tabia yake. Binti aligonga ekzosi kwa nyundo ya mpira, ikatoa sauti nzito ya chuma kilichotulia. Akatingisha shokomzoba, hazikutingishika. Akatia nondo kwenye bushi, zile raba za kwenye maungio, moja baada ya nyingine, akavuta, akasukuma. Kila alichokishika kilikuwa kikuukuu, na kila alichokishika kilikuwa kimekaza. Kila kilipokuwa kimekaza mzee alisema "Unaona?" kwa sauti ya mtu anayesifiwa, na kila aliposema hivyo moyo wake ulizama kidogo, kwa kuwa gari lisilo na kasoro lisingeepuka mizani ya chuma chakavu, na yeye asingeepuka geti.

"Twende tukalisikilize," binti alisema, akijipangusa mikono.

Mzee akashika usukani, binti akakaa pembeni. Nyuma ya soko kulikuwa na barabara ambayo baraza la mji lilianza kuitengeneza na halikuona haja ya kumaliza. Pikapu ikaenda juu ya mashimo na matuta kama mashua kwenye bwawa. Kimya. Wakageuza, wakarudi. Kimya. Hata kioo cha pembeni hakikutikisika.

"Unaona?" mzee alisema, safari hii kwa huzuni. "Adabu. Yaani hata kwa mwanangu wa kumzaa."

Binti hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu ya baba yake. Mzee naye akaangalia, akidhani viatu vina tope.

"Baba, shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Ukae huku kwangu. Naendesha mimi."

Kiti kile cha dereva kilikuwa kimekaliwa na mtu mmoja muda mrefu kiasi kwamba kilikuwa na umbo lake, pamoja na sehemu ambazo mtu asingependa zikumbukwe. Mzee Glasi aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alifikiria kueleza kwamba klachi inashika juu, kwamba gia ya pili inahitaji kubembelezwa, kwamba bima, kwamba kanuni za idara. Alipomtazama binti yake aliona ametulia tu, anasubiri, na grisi yake shavuni, kama anavyosubiri wateja wenye magari ya maana wamalize kumweleza wasichokijua. Akashuka. Alizunguka mbele ya gari polepole, mkono ukipita juu ya boneti, kama mtu anayehama nyumba.

Binti akavuta kiti mbele. Kililia, kwa kuwa hakikuwahi kuvutwa.

Tuta la kwanza alilipanda kana kwamba lina deni lake. Mzee akashika mlango. La pili likamnyanyua kitini. "Mama! Polepole! Huyo si ng'ombe!" Na papo hapo, kwa mbele, kwa chini: *kra-kra-kra*.

"Huo!" mzee akapiga kelele.

"Huo?"

"Huo huo! Ndio wenyewe!" Kwa mara ya kwanza tangu uanze, alifurahi kuusikia.

Binti akagusa breki kidogo, bila kusimamisha gari. Mlio ukakatika. Akaachia. *Kra-kra-kra*. Akagusa, kimya. Akaachia, ukarudi. Ilikuwa kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba ambamo watu wanagombana.

"Umelifanyaje?"

"Sijalifanya kitu. Nimegusa breki, kama wewe."

"Mimi sigusi breki."

"Baba, kila tuta. Kabla hatujalifikia unalaza mguu juu ya breki, kidogo tu, kama unajaribu maji ya moto, na unauacha hapo mpaka tuvuke. Kila tuta. Hujui?"

Hakujua. Alikaa kwenye kiti cha abiria, ambacho alikuwa hajawahi kukikalia na ambacho aligundua kina springi iliyochomoza, akautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu aliyesikia habari zake tu. Siri iliyowashinda madereva wenzake, iliyomtuliza mkuu na suruali yake, ilikuwa mguuni, na mguu haukuona haja ya kumwambia mwenyewe.

"Kinacholia ni kitu cha breki," binti alisema. "Ukigusa breki kinabanwa, kinanyamaza. Ukiwa peke yako huendeshi hivyo, ndiyo maana kinalia. Ukimpakia mtu unamheshimu, kinanyamaza."

"Kwa hiyo wale wataalamu..."

"Uliwaendesha vizuri mno."

Mzee Glasi alilitafakari hilo hadi wakafika gerejini. Watu huondolewa kazini kwa kuendesha vibaya, na hilo lina mantiki yake. Yeye alikuwa anaondolewa kwa kuendesha vizuri, na mpaka hapo hakuwa amejua kama acheke au atafute mahali pa kulalamika.

Jeki ikapanda, tairi likatoka. Binti alitia vidole kwenye kile kibano kinachobana diski ya breki na kuzitingisha pedi zilizokuwa ndani. Zikacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. *Kra-kra*, zikasema, kwa sauti ndogo, zikiwa mkononi mwake.

"Zinashika breki vizuri, hakuna hatari," alisema. "Lakini hapa panakaa vichuma vyembamba vya springi, vya kuzishika zisicheze. Havipo. Na upande wa pili utakuwa hivyo hivyo. Aliyezifunga alidhani ni takataka za kwenye pakiti, akavitupa. Nani alizifunga?"

Fundi wa matairi alikuwa amesogea na kusimama karibu sana, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Mzee Glasi akakohoa. "Walifunga," alisema, na hakuendelea. Idara ni idara, na mambo yake hayajadiliwi mtaani.

"Basi vifunge twende," akaongeza.

Binti alikuwa ameshachukua kopo ambamo aliweka vitu visivyo na kazi bado, akapekua, akatoa vichuma vinne vya gari la aina ile ile lililokufa kwa sababu nyingine. Alivitazama, akavitia mfuko wa ovaroli, akarudisha tairi mahali pake.

"Mbona huvifungi?"

"Nikivifunga leo, kesho utaingia getini kimya, na wao watasema uzee umepumzika. Gari litauzwa vile vile. Lazima msimamizi ausikie mlio akiwa ndani, halafu ausikie unaondoka."

"Akiwa ndani hausikiki. Si umeeleza mwenyewe?"

"Utasikika," binti alisema, "ukimwendesha vibaya."

Kuna mambo ambayo mwanamume huweza kuombwa na binti yake, na mengi Mzee Glasi alikuwa tayari kuyatoa bila kuuliza. Hili alilijibu kwa kunyamaza mpaka fundi wa matairi, ambaye hakuwa na tabia hiyo, akaona aibu na kurudi kwenye tairi lake.

Asubuhi iliyofuata msimamizi wa magari alishangaa kuombwa na dereva wake mtulivu apande pikapu kwa dakika chache. Alipanda na kikombe cha kahawa, kwa kuwa anajua anaendeshwa na nani. Mzee Glasi akakitazama kikombe kile, akafumba macho, akayafumbua, akatia gia.

Aliutoa mguu wa kulia kutoka kwenye breki na kuukataza kurudi. Mguu uliasi. Ulinyanyuka wenyewe mbele ya tuta la kwanza, na ilibidi aupige kofi gotini. Pikapu ikapanda tuta kama inayoendeshwa na mtu asiye na wazazi. Kahawa ikaruka, ikatua kwenye suruali ya msimamizi, ambayo kwa rehema ilikuwa ya kahawia.

"Mzee Glasi! Umeamkaje leo?"

"Nisamehe, bosi. Sikiliza."

*Kra-kra-kra-kra.*

"Huo ndio!" msimamizi akasema, akiwa ameshika dashibodi. "Huo ndio unaonifuata ofisini! Mbona siku zote..."

Mzee akagusa breki. Kimya. Akaachia. Ukarudi. Akagusa. Msimamizi akaomba arudie. Akarudia. Jasho lilimtoka Mzee Glasi kwenye paji la uso, na halikuwa jasho la joto. Alikuwa anaendesha vibaya kwa makusudi mbele ya mtu mwenye cheo, na kila shimo alilisikia katika mifupa yake kama tusi alilotukana yeye mwenyewe.

Waliporudi uwanjani, binti alikuwa anasubiri karibu na geti na mfuko wake wa vifaa begani. Watumishi walianza kutoka ofisini mmoja mmoja, wengine wakiwa na vikombe. Vijana wa karakana ya idara walikuja wakasimama na mikono imekunjwa kifuani, wakiwa na sura za watu waliokuja kuangalia hali ya hewa.

"Huyu ni nani?" msimamizi aliuliza.

Mzee Glasi, aliyekwisha kulijibu swali hilo kwa watu wengi sana bila kuulizwa, safari hii alijibu kwa neno moja. "Fundi," alisema. Kisha, baada ya kidogo, "Ni wangu."

Binti alisalimia, akauliza kama anaruhusiwa, akaruhusiwa na mtu ambaye suruali yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Akapiga magoti kwenye changarawe. Tairi likatoka, kibano kikafunguliwa, pedi zikatolewa na kuonyeshwa zilivyocheza, na vile vichuma vyembamba vikaingia mahali pake kwa sauti ndogo ya *tik*. Akatingisha. Hazikutingishika. Akahamia upande wa pili. Alifanya kazi bila haraka na bila kumwangalia mtu, na alipomaliza kila nati aliigusa kwa kidole, kama anayehesabu watoto kabla ya kuvuka barabara. Mzee Glasi alisimama pale na mikono nyuma. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba alikuwa ameongezeka urefu.

"Haya," msimamizi alisema, "turudi barabarani. Ila safari hii niendeshwe taratibu."

Mzee Glasi akatoa ufunguo. Aliutazama kidogo, kisha, mbele ya idara nzima, akaunyoosha kwa binti yake.

"Endesha wewe."

"Mimi? Baba, wewe ndiye dereva."

"Mimi mguu wangu hauaminiki," alisema. "Utamdanganya bosi. Endesha wewe, na usimhurumie."

Hakumhurumia. Waliobaki uwanjani waliona pikapu ikitoka, ikapotea nyuma ya ukuta, na kwa muda mrefu hawakusikia chochote isipokuwa injini na sauti ya msimamizi akisema "Aah!" kwa nafasi zinazolingana na matuta. Iliporudi, ilipita dirishani pa ofisi yake kimya kabisa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele, na Mzee Glasi, aliyekaa nyuma kwenye bodi kama bomba, alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili na anatabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Msimamizi alishuka, akajinyoosha mgongo. Alitaka kusema jambo la kiutawala, ikaonekana, lakini halikupatikana haraka. "Kesho mabomba ya mtaa wa zahanati yanahitajika mapema," alimwambia Mzee Glasi. "Saa moja uwe umeshapakia."

"Sawa, bosi."

Ndivyo habari ya geti ilivyokwisha. Hapakuwa na tangazo la pili. Nyumbani mkewe alipomuuliza mambo yamekwendaje, alivua viatu mlangoni, akakaa, akasema, "Mwanao anaendesha vibaya sana. Sijapata kuona," na alilisema kwa namna iliyomfanya mkewe ageuke kabisa kutoka jikoni kumtazama.

"Lakini?"

"Lakini gari limenyamaza. Mbele yangu. Mbele ya wataalamu wote. Kwa mikono yake." Kisha akatoa simu, akaanza kutafuta ile picha ya siku ya kuhitimu, ingawa pale nyumbani hapakuwa na mtu ambaye hajaiona.

Vijana wa karakana waliendelea kuwa na heshima kwa Mzee Glasi na hawakulizungumzia jambo lile tena. Wao ndio waliozifunga zile pedi, wiki iliyotangulia mlio, na katika pikapu yote hakukuwa na kitu kingine kipya.